Mkondo wa amali nao unataka hisabati

Tangu mtaala mpya uanze 2024, wazazi wengi hapa Tanga wananiuliza: mwanangu akipangiwa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, hisabati ya nini tena? Ataisoma. Ni somo la lazima kwa mikondo yote miwili, wa jumla na wa amali. Mimi ni mwalimu wa somo hili, na naona huko kwenye amali ndiko atakakolihitaji zaidi.

Chukueni uashi. Mafundi wa Ngamiani wanaweka kona ya msingi kwa kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, ulalo ukitoa 5 kona imekaa sawa. Kijana atalishika hilo mara moja, hata kama hajawahi kumsikia Pythagoras. Sasa mpe choo cha mita 1.8 kwa 1.2, ambapo 3 na 4 haziingii. Aliyekariri anakwama. Aliyeelewa anazidisha kila upande kwa wenyewe, anajumlisha 3.24 na 1.44, anapata 4.68, anatafuta kipeuo cha pili: karibu 2.16. Futi ikisoma 2.20, anajua kona imefunguka, anairekebisha kabla tofali halijalazwa. Mwingine atashusha vipimo kwa uwiano, sentimita 60, 80 na 100, na kona itatoka ileile. Huo ndio umahiri unaotajwa kwenye muhtasari wa somo: kutumia ulichojifunza, si kukariri tu.

Neno lenyewe si geni, mtaala wa 2005 nao ulilihubiri. Darasani tuliendelea kukimbizana na mitihani iliyopita, na matokeo ya kidato cha nne ya 2023 mliyaona: waliofaulu hisabati ni takriban robo tu ya watahiniwa. Inaniuma, kwa sababu wengi wao walikuwa na akili ya kutosha.

Kuna jambo jingine la kujiandaa nalo mapema. Walioanza darasa la tatu 2024 kwa mtaala mpya watamaliza msingi wakiwa darasa la sita, 2027, sambamba na wenzao wa darasa la saba wa mtaala wa zamani. Makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza 2028. Sehemu na uwiano visipokaa vizuri huko msingi, sekondari tutapokea madarasa yaliyofurika na mapengo ndani yake.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi, mkishamaliza kuulizia michango na sare, ulizeni na hili: mwalimu wa hisabati na mwalimu wa karakana wanaandaa vipindi pamoja, au kila mmoja na lake?