Dibaji si utangulizi uliovaa kanzu

Kila mswada unaofika na kichwa "Dibaji/Utangulizi" huniudhi kabla sijasoma sentensi ya kwanza. Kinachoniudhi ni ule mkwaju (/). Anayeuweka hapo ameshaamini kwamba maneno hayo ni pacha, moja la Kibantu na jingine la Kiarabu, uchague linalokupendeza. Sivyo.

Utangulizi halina fumbo: ni tangulia, pamoja na u- ya dhana. Wapo wanaong'ang'ania kwamba lazima lipitie tanguliza kwa sababu ya ile z. Ya nini? Angalia hutoa uangalizi, simamia hutoa usimamizi, pokea hutoa upokezi, na hakuna anayesaka kitenzi cha kusababisha humo. Twende.

Dibaji ndilo lenye utamu. Kwa Kiarabu, dibaj ni hariri nzito iliyofumwa kwa nakshi, na neno lenyewe Waarabu walilipata kwa Waajemi. Kutoka kwenye nguo ikaja dibaja: uso, kisha mwanzo wa kitabu. Je, pambo lililokusudiwa ni nakshi za ukurasa wa kwanza au ni ufasaha wa maneno yake? Mimi huegemea ufasaha, lakini simgombezi anayeona rangi na dhahabu. Vyovyote iwavyo, asili yake ni pambo. Suala la kutangulia halimo kabisa.

Tazama tenzi. Beti za dibaji humtaja Mungu, humsalia Mtume, kisha mtunzi anaagiza aletewe wino na karatasi. Mizani nane kwa kila kipande, beti zinasonga, na kisa hakijaanza! Zikate zote: utenzi utakosa adabu, lakini kisa kitabaki kizima.

Hicho ndicho kipimo changu, hata kwa vitabu vya leo. Ukikata dibaji, hoja ya kitabu haipungui. Ukikata utangulizi, msomaji anafika sura ya 3 hajui istilahi zinatumikaje wala mipaka ya mada iko wapi. Ndiyo maana tasnifu huandikwa "Sura ya Kwanza: Utangulizi", na sijaona mwanafunzi aliyethubutu kuandika "Sura ya Kwanza: Dibaji". Masikio yanajua, mikono ndiyo inayopotoka.

Nakiri kwamba kamusi hazinisaidii sana. Huieleza dibaji kwa neno lilelile la utangulizi. Na wapo wahariri wazuri wanaomruhusu mwandishi ajiandikie dibaji. Mimi nasema aandike mwingine, anayeijua mada na ameusoma mswada hadi mwisho. Ukurasa mmoja au miwili, jina lake chini, mahali na tarehe. Namba za kurasa ziwe za Kirumi, ili dibaji ikichelewa (na huchelewa) usilazimike kupanga upya kitabu kizima. Mwandishi akijiandikia mwenyewe, matokeo yake ni aya ya pili kumsifu "mwandishi huyu mahiri", na msomaji akitazama sahihi anacheka.

Utangulizi uandikwe na mwandishi mwenyewe, tena mwishoni, sura zote zikishatulia. Ukiuandika mwanzo utaahidi sura ambayo baadaye uliifuta.

Na tabaruku, yale maneno ya kumtunukia mtu kitabu? Hilo ni jamaa ya baraka: mstari mmoja, jina la mpendwa, basi. Ikifika kurasa mbili, hizo ni shukrani zilizopotea njia.