Silabi moja, nota moja: dini ilivyobadili uimbaji Uingereza

Chukua neno "aleluya" uliimbe kwa nota nne, moja kwa kila silabi. Sasa liimbe tena, lakini hiyo "lu" uivute nota kumi na tano, ipande, ishuke, izunguke kabla ya kutua kwenye "ya". Katika Uingereza ya karne ya 16, kuchagua kati ya namna hizo mbili kulikuwa jambo la serikali.

Kabla ya mageuzi ya dini yaliyozaa Uprotestanti, uimbaji wa makanisa makubwa ulikuwa wa kuvuta. Misa na moteti (nyimbo za kwaya zenye maneno ya dini) ziliimbwa kwa Kilatini, sauti tano au sita zikifukuzana: moja imeshamaliza neno, nyingine ndiyo kwanza inalianza. Moteti ya mtunzi Thomas Tallis ya kumsifu Bikira Maria, Gaude gloriosa, ina sauti sita na huchukua zaidi ya robo saa. Ni tamu mno. Maneno, hata anayejua Kilatini huyapata kwa kuotea.

Askofu Mkuu Thomas Cranmer hakupendezwa. Mwaka 1544 alimwandikia Mfalme Henry VIII kwamba wimbo wa ibada usijazwe nota. Iwe, kadiri inavyowezekana, nota moja kwa silabi, ili usikike vizuri na uimbwe kwa uchaji. Henry alipofariki mwaka 1547, mwanawe Edward VI alirithi kiti akiwa na miaka tisa tu, na wakubwa waliomzunguka wakakaza mwendo. Mwaka 1548 kanisa kuu la Lincoln liliagizwa liache nyimbo za Bikira Maria na watakatifu, liimbe za Bwana peke yake, tena kwa Kiingereza, kila silabi na nota yake.

Tallis alikuwa ameshaonja mageuzi hayo. Abasia (nyumba ya watawa) ya Waltham, alikokuwa akifanya kazi, ilifungwa mwaka 1540, naye akaondoka na shilingi 20 za mshahara na 20 za ahsante. Baadaye akaingia kwaya ya kanisa la mfalme, na humo akatunga nyimbo za aina mpya, anthemu za Kiingereza. Sikiliza If ye love me, ya sauti nne na dakika kama mbili hivi. Mwanzoni sauti zote hutamka pamoja, kama watu wanaosali. Cranmer angetabasamu. Lakini mistari michache mbele, sauti zinaanza kufukuzana tena, taratibu, kama anayejaribu kuona kama kuna anayemtazama.

Malkia Mary, Mkatoliki, akarudisha Kilatini mwaka 1553. Elizabeth I, aliyerithi mwaka 1558, akarudisha Kiingereza. Tallis akabaki kazini chini ya watawala wote wanne, tangu Henry. Wapo wanaomwona kigeugeu. Mimi namwona fundi aliyeshonea kila mteja kwa kipimo chake, na hakuna nguo iliyotoka mbovu.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Martin Luther, mwanamageuzi wa Ujerumani, aliupenda muziki wa sauti nyingi, na kitabu cha nyimbo za aina hiyo cha Johann Walter kilichapwa Wittenberg mwaka 1524. Mji wa Geneva, chini ya mwanamageuzi John Calvin, ulitaka zaburi kanisani ziimbwe kwa sauti moja, na mwaka 1551 mwanamuziki wa huko, Loys Bourgeois, alitiwa ndani kwa kubadilisha tuni bila ruhusa!

Elizabeth mwenyewe alipenda muziki. Mwaka 1575 aliwapa Tallis na mwenzake William Byrd haki ya pekee ya kuchapa muziki, nao wakamtolea kitabu cha moteti 34, zote za Kilatini. Byrd alikuwa Mkatoliki, na familia yake ilitozwa faini kwa kutohudhuria ibada za kanisa la serikali. Katika miaka ya 1590 alichapisha misa tatu, ya sauti tatu, ya nne na ya tano, za kuimbwa na Wakatoliki waliosali kwa siri majumbani. Vitabu hivyo havina ukurasa wa jina, mwaka wala mchapaji. Jina la Byrd, hata hivyo, limo juu ya kurasa.