Je, wajua kwa nini maua hupandwa kati ya mazao ili kupunguza wadudu waharibifu?

Nzi wa maua, yule mdogo mwenye mistari ya njano na nyeusi anayeelea hewani mbele ya ua bila kutua, hali wadudu wenzake hata kidogo. Chakula chake ni nekta na chavua. Mwindaji ni mtoto wake. Jike hutafuta jani lenye vidukari, wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mimea, na kutaga hapo hapo, na buu anayeanguliwa, ambaye hana miguu wala macho, hupapasa huku na huku kwa kichwa mpaka amguse kidukari, kisha humnasa, humwinua juu na kumfyonza hadi ibaki ngozi tupu. Buu mmoja anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla ya kuwa pupa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Shamba kubwa la zao moja, lililopaliliwa lisibakize hata gugu moja, lina vidukari wa kumshibisha mtoto lakini halina cha kumlisha mama, ambaye bila chavua hakomazi mayai na bila nekta hana nguvu za kuruka. Kwa hiyo huenda kutaga kwingine, na vidukari huzaana bila bughudha.

Hali ni hiyo hiyo kwa nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, ndani ya vidukari, au hata ndani ya mayai ya wadudu wengine. Kidukari aliyetagiwa huvimba, hugeuka rangi ya kahawia hafifu na kukauka akiwa ameganda kwenye jani, na baadaye huonekana tundu la mviringo mwilini mwake, alama kwamba nyigu mpya ameshatoka. Nyigu wengi wa aina hii hufa ndani ya siku chache wasipopata sukari, lakini wakiipata huweza kuishi wiki kadhaa, wakiendelea kutaga.

Ushahidi wenye uzito mkubwa, kwa maoni yangu, umetoka katika mashamba ya mpunga ya China, Thailand na Vietnam, ambako ufuta na mimea mingine yenye nekta ilipandwa kwenye kingo za majaruba. Matokeo ya majaribio hayo ya miaka 4, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba upuliziaji wa dawa za wadudu ulipungua kwa asilimia 70 huku mavuno yakiongezeka kwa asilimia 5.

Hata hivyo, si kila ua linafaa. Nyigu hawa wana midomo mifupi, hivyo huhitaji maua madogo yenye nekta iliyo karibu, kama ya giligilani au shamari yaliyoachwa yachanue. Ua lenye shingo ndefu haliwasaidii, ila laweza kumnywesha nondo, mama wa viwavi wale wale tunaowakimbia, kwa kuwa mrija wake ni mrefu. Kunde nazo hutoa nekta hata nje ya ua, kwenye kikonyo, mahali ambapo mdudu yeyote mdogo hufika kwa urahisi.

Wakati wa kuchanua nao ni muhimu, kwa sababu maua yanayofunguka baada ya vidukari kujaa yamechelewa. Katika jimbo la California, Marekani, wakulima wa saladi wasiotumia dawa za viwandani hupanda alisamu, ua dogo jeupe linalochanua mapema, na kwa kuwa kila shina la ua huchukua nafasi ya saladi, mashina machache yaliyotawanywa shambani huwa na faida kuliko tuta zima la maua.

Dawa inayoua wadudu wa kila aina huvunja kazi yote hii, kwani vidukari huzaana haraka na kurudi kabla ya adui zao. Mwenye maua shambani na akague kwanza upande wa chini wa majani: akikuta vidukari waliovimba na kukauka, au mabuu wakitambaa kati yao, asubiri siku kadhaa na kukagua tena kabla ya kushika bomba la dawa.