Kwa nini ng'ombe wa sherehe ya Wakristo anachinjwa na Muislamu?

Tanzania nzima utaikuta hii. Kipaimara, harusi ya kanisani, msiba wa mzee wa kanisa, ng'ombe yupo amefungwa mtini na watu wanamsubiri Muislamu aje achinje. Na kwenye mabucha ya kawaida ni hivyohivyo, miaka nenda rudi.

Mimi kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu na nilikuwa na uhakika nalo: ni ishu ya wingi, yani Waislamu watakuwa wengi au wana nguvu kwenye biashara ya nyama ndo maana wanaachiwa kisu. Jibu hili nimelisikia kwa watu wengi, wengine wanalisema kwa hasira kabisa kwamba ni upendeleo. Lakini ukilikagua kidogo tu linaanguka. Kwanza sensa yetu mara ya mwisho kuuliza dini ilikuwa 1967, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza, kwa hiyo hakuna mwenye namba ya kumwonyesha mwenzake. Pili, na hii ndo iliyonibadilisha, desturi hii iko hata vijijini ambako Waislamu ni nyumba tatu nne. Kama ingekuwa wingi, huko Wakristo wangeshika kisu wenyewe siku nyingi. Na tatu angalia New Zealand, Waislamu hawafiki hata asilimia 2 ya watu wote lakini kondoo wengi wa machinjio makubwa wanachinjwa kwa utaratibu wa halali kwa sababu wanauza nyama Ghuba na Asia, na mwenye machinjio anaona bora achinje namna moja itakayokubalika sokoni kote kuliko kuendesha sehemu mbili za kuchinjia.

Kwa hiyo siyo wingi. Ni nani anaweza kula cha mwenzake na nani hawezi.

Chukua nyumba yenye watoto sita, mmoja hawezi kabisa pilipili. Mama hapigi kura kwamba watano wanaipenda. Anapika sufuria moja bila pilipili, pilipili anaiweka pembeni kwenye kisahani, na wote sita wanakula pamoja. Yule mmoja hajawashinda wenzake kwa nguvu, ni kwamba yeye hana njia ya pili ila wao wanayo. Au fikiria damu ya group O hasi, hospitali wanaithamini kwa dharura kwa sababu karibu kila mgonjwa anaweza kuipokea. Nyama aliyochinja Muislamu kwa kusoma bismillahi ndo group O ya sherehe zetu, Muislamu anakula, Mkatoliki anakula, Mlutheri anakula, asiye na dini anakula. Ya upande wa pili Waislamu wengi wataiacha sahanini.

Nakumbuka kipaimara cha mdogo wangu, kijijini Kanda ya Ziwa. Alfajiri baba alimtuma kijana na baiskeli akamfuate mzee mmoja mbali kidogo. Mzee akaja na kisu chake amekifunga kwenye kitambaa, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akasema ng'ombe alazwe aelekee kibla, na wakati huo wote kisu hakutaka mnyama akione. Bismillahi, Allahu Akbar, akapitisha mara moja, koo na mishipa, akakaa pembeni mpaka damu ikaisha kutoka. Baadaye nikamuuliza baba mbona tumehangaika hivi na sisi wote tunasali kanisani. Akaanza kunihesabia kwa vidole: mwalimu mkuu, fundi aliyeezeka nyumba yetu, shemeji yake mama na wanawe wawili. Basi, watu watano kati ya watu karibu mia mbili.

Sasa haya siyo ya moja kwa moja kama nilivyoyapanga. Kwenye Qur'ani, sura ya Al-Maida, aya ya 5, imesemwa chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwa Waislamu, na wapo wanazuoni wanaoruhusu nyama aliyochinja Mkristo kwa masharti, wengine wanakataa, na muumini wa kawaida akiingiwa na shaka anaiacha tu. Upande wa Wakristo Paulo anawaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, ila wapo wanaosoma Matendo 15, kujiepusha na vilivyotolewa kwa sanamu, na wanaona nyama iliyosomewa kisomo wakati wa kuchinja nayo imo humo. Hapo ndipo pilipili haiwi tena ya kuweka pembeni. Mwanzoni mwa 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi ulizuka juu ya nyama iliyochinjwa na Wakristo na kuuzwa buchani, na mchungaji mmoja akauawa. Inauma kuiandika, mtu amekufa kwa ajili ya bucha. Serikali ikakaa na viongozi wa dini kutuliza.

Nguruwe ndo kabisa, hapo hakuna namna ya kuchinja itakayowakutanisha, kwa hiyo kitimoto ina sehemu yake, kikaango chake na mafuta yake.

Na kama unataka kuona pande zote mbili zikikataa nenda Ethiopia. Huko Wakristo wa Orthodox kwa desturi hawali nyama aliyochinja Muislamu, na Waislamu hawali aliyochinja Mkristo. Group O haipo. Ila wamezaliwa kijiji kimoja, wanalima pamoja, lazima waalikane. Basi mwenye harusi anatafuta mnyama wa pili akiwa hai, anamkabidhi jirani wa dini nyingine, jirani anachinja mwenyewe na watu wake wanapika kwenye sufuria zao, halafu wote wanakaa kwenye harusi ileile.