Uzamivu wa uuguzi ukiwa mwisho wa reli: tafuta msimamizi kwanza, chuo baadaye

Wauguzi wenzangu wa hapa Kigoma wakisikia nasoma shahada ya uzamivu kwa njia ya masafa, swali la kwanza huwa la intaneti. Bando linakwisha baada ya muda gani? Umeme ukikatika unafanyaje? Nawajibu kwamba bando ni kero tu, linavumilika. Kinachomkwamisha mtu ni msimamizi, na hilo hakuna anayeniuliza.

Uzamivu wa utafiti hauna vipindi kama tulivyozoea kwenye diploma na digrii. Kwa mfumo wa Uingereza na Afrika Kusini unasajiliwa ukiwa na swali lako, unapewa msimamizi mmoja au wawili, kisha unabaki wewe na tasnifu. Marekani wana utaratibu wao: kwanza masomo ya nadharia, takwimu na mbinu za utafiti, halafu mtihani mkubwa, ndipo uruhusiwe kuanza tasnifu. Hata programu zao za mtandaoni mara nyingi zinakutaka ufike chuoni siku kadhaa, kwa hiyo weka viza na nauli kwenye hesabu. Wanayo pia shahada ya udaktari inayoitwa DNP, ambayo ni ya utendaji: uongozi, kliniki, kuboresha huduma. Ni shahada nzuri, ila kama unataka kuwa mtafiti siyo yako, na matangazo ya mtandaoni huzichanganya hizi mbili makusudi au kwa uzembe.

UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa masafa tangu 1946, hivyo taratibu zake zimezoea mwanafunzi asiyeonekana. Chuo chochote cha nje utakachokipenda, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama shahada yake itatambuliwa. Uliza kabla ya kulipa ada. Kama ni mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri nayo ipatikane kwa maandishi, hata kama hutoki kituoni kwako.

Swali langu linahusu wajawazito wa mwambao wa ziwa, hasa vijiji vya kaskazini kupita Hifadhi ya Gombe, ambako mtu anafika mjini kwa boti. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji wa huduma ya uzazi katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ukikaa ofisini mbali na huku utasema tatizo la mwambao ni la pili, boti. Kaa na akina mama uwasikilize. Kusi likivuma wakati wa kiangazi, mama mkwe anatazama ziwa kwanza, anauliza nani ana mafuta ya injini, ndipo anasema kama uchungu huu ni wa kwenda hospitali au wa kungoja asubuhi. Hapo kuamua na kusafiri vimeshikana, na mimi nataka kujua vinashikanaje. Swali la namna hii lina faida kwa anayesoma akiwa huku, kwa sababu anayeweza kulijibu ni aliye karibu na boti kuliko aliye karibu na maktaba.

Lakini usitafiti wodi yako mwenyewe. Mama akikuona na sare, ukamuuliza kama anakubali kuhojiwa, atasema ndiyo kwa sababu wewe ndiye utakayempokea mtoto wake mwakani. Ndiyo ya namna hiyo siyo ridhaa. Mimi huvua sare, ombi la kwanza hupelekwa na mtu mwingine, na mahojiano hufanyika nje ya kituo. Asiyejua kusoma husomewa fomu yote na kuweka dole gumba mbele ya shahidi wake mwenyewe, siyo shahidi wangu.

Hata hivyo uuguzi hauvuliki pamoja na gauni. Mama mmoja alikuwa ananisimulia safari ya boti, kinasa sauti kiko katikati yetu juu ya mkeka, akakatisha maneno: "Sista, mbona tangu juzi damu haijakata, na nikisimama naona giza?" Nilizima kinasa sauti, nikatoa kipimo cha presha mkobani, na dakika chache baadaye tulikuwa njiani kwenda zahanati. Jambo kama hili lazima liwe limeandikwa kwenye andiko lako kabla hujaingia kijijini: utafanya nini, nani atampeleka, na maneno aliyokwisha kuyasema utayatumia au utamwomba ridhaa upya akipona. Kamati ya maadili itakuuliza, na ni haki yake.

Tukija kwenye vibali, jipe muda mrefu kuliko unavyodhani. Chuo cha nje kina kamati yake, na hapa nchini NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wana yao. Kimoja hakifuti kingine. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kwa hiyo kihuishe mapema. Kisha ni barua juu ya barua: mkoa, halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kijiji. Beba nakala, usitegemee simu. Kama data itatoka nje ya nchi kwenda kwa msimamizi, kuna makubaliano ya kuhamisha data, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mimi simtumii msimamizi sauti hata moja. Anapata maandishi yaliyoondolewa majina.

Makala za kusoma zisikutishe. HINARI ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza 2002, inafungua majarida mengi kwa taasisi zilizosajiliwa za nchi kama yetu; ulizia kama hospitali au chuo chako kimo. Ninapakua nikiwa kwenye mtandao wa kazini, naweka kwenye Zotero, programu ya kutunza makala na marejeo, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, nasoma baada ya zamu.

Sasa msimamizi. Tafuta aliyeandika kuhusu jambo lako miaka ya karibuni na aliyewahi kumfikisha mwanafunzi wa mbali hadi mwisho. Waandikie wanafunzi wake uulize rasimu huwarudia baada ya muda gani. Kila mkikutana kwa video, jioni hiyohiyo mtumie muhtasari: tulikubaliana nini, nani afanye nini, lini. Hamtakutana naye kwenye ngazi mkakumbushana.

Barua ya kwanza isizidi ukurasa mmoja: swali, mahali, kwa nini wewe na kwa nini yeye. Akinyamaza mkumbushe mara moja, kisha tafuta mwingine. Niliyempata alinijibu bila kugusa vyeti vyangu. Aliuliza boti huchukua saa ngapi hadi Kigoma mjini, nani hulipia mafuta, na kama zipo zinazokubali kuondoka usiku.