Jua la Dar es Salaam halikai utosini mwaka mzima

Wapiga picha wengi wa mwambao wamezoea kusema kwamba, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la adhuhuri husimama utosini mwaka mzima na nuru yetu haina misimu. Sivyo. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na hapo jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni, kusi inapovuma, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na ukuta unaoelekea kusini hushinda kivulini. Desemba mambo hugeuka, jua likawa kusini, ingawa juu zaidi, kwenye nyuzi 73. Tofauti hiyo yatosha kuamua kama mlango wa kuchongwa utaonyesha nakshi zake au utaonekana bapa, na kwa maoni yangu kurudi kwenye jengo lilelile baada ya miezi sita kuna faida kuliko kununua lenzi mpya.

Mvua nayo huchangia, kwa kuwa masika husafisha vumbi hewani na kuacha vivuli vikali mara jua litokapo. Kisichobadilika sana ni machweo: jua hushuka karibu wima, na mwanga unaobaki hudumu dakika 20 na ushei tu, iwe Juni au Desemba.