Mwacheni setTimeout, hana kosa

Kwenye JavaScript, kitanzi cha `for (var i = 0; i < 3; i++)`, ndani yake `setTimeout` (inayoahirisha kazi) ya kuchapisha `i`: ulitarajia 0, 1, 2, matokeo 3, 3, 3. Halafu naambiwa tena kwa uhakika: "Ni kwa sababu ya kuchelewa." Jamani!

Haya, tuondoe saa kabisa. Python (`lambda` ni funksheni isiyo na jina):

```
fs = [lambda: i for i in range(3)]
[f() for f in fs]   # [2, 2, 2]
```

Nani kachelewa hapo? Funksheni haibebi thamani, inashika kigeu chenyewe, na kukisoma siku inapoitwa. Ukiwaelekeza watu watatu kwenye chumba kimoja, watamkuta mpangaji yule yule. Ndiyo, ukiiita papo hapo ndani ya kitanzi utapata 0, 1, 2, na hapo ndipo muda unaposingiziwa. Shida ni kwamba `i` ni moja.

"Basi tumia `let` badala ya `var`, inaishia ndani ya mabano." Jibu sahihi, sababu pungufu. `i` imetangazwa kwenye kichwa cha kitanzi, mara moja. Tangu ES2015 (toleo la JavaScript la mwaka 2015), kila mzunguko unaundiwa `i` mpya, thamani ya ile ya zamani inanakiliwa humo, kisha `i++` inafanyika juu ya hiyo mpya. Huamini? Endesha hii:

```
for (let i = 0, f = () => i; i < 3; i++) console.log(f());
```

Inatoa 0, 0, 0. `f` ilizaliwa kabla ya mzunguko wa kwanza, ikabaki na `i` ambayo hakuna anayeigusa tena. `let` ipo, na bado umeshangaa.

Lugha nyingine nazo: C# 5, mwaka 2012, iliipa `foreach` (kitanzi cha kupitia orodha) kigeu kipya kila mzunguko, ikaiacha `for` ilivyo. Go 1.22, mwaka 2024, ikabadilisha aina zote mbili, mradi `go.mod` yako (faili la mipangilio ya mradi) itaje toleo hilo au la baadaye. Nani alipatia? Kwa `for` ya vipande vitatu (mwanzo, sharti, hatua), bado nasita: `i++` inasomeka kana kwamba inabadilisha kitu kimoja, kumbe nyuma ya pazia kuna nakala. Java ilikwepa ugomvi: lambda hairuhusiwi kushika kigeu cha ndani kinachobadilika, basi.

Na nyie wa Python mnaopachika `lambda i=i: ...` kila mahali ili kuhifadhi thamani, angalieni. Hicho ni kigezo chenye thamani ya awali tu, anayeita anaweza kuibadilisha. Kwenye PyQt5 (maktaba ya madirisha na vitufe), `clicked`, ishara ya kubofya, hutuma `False` kwa kitufe cha kawaida, nayo inaingia kwenye `i` yako. Kwa Python `False` ni sawa na 0, kwa hiyo hakuna kosa linaloripotiwa: kama kila kitufe kilipaswa kufungua faili namba `i`, vyote vinafungua la kwanza. Andika `lambda _, i=i: ...`, `_` iipokee hiyo `False`.